Neno la Kiingereza lenye chungu ndani yake (angalia herufi ya katikati!)

Kuna neno moja la Kiingereza nimelibeba mfukoni siku kadhaa na leo nalitoa. Neno lenyewe ni "formication". Litamke fomikesheni. Soma taratibu, herufi moja moja, maana pale katikati pana M. Siyo N. Ukiweka N unapata "fornication", yaani zinaa, na hapo mazungumzo yanageuka kabisa. Mtu akienda kwa padri kuungama hii ya M, padri atamwelekeza hospitali.

Tumalizane na hiyo ya N kwanza ili isitusumbue mbele ya safari. Imetoka kwenye neno la Kilatini "fornix", maana yake tao, lile tao la jengo. Kule Roma ya kale wanawake waliofanya biashara ya miili yao walikuwa wakisimama chini ya matao na kwenye vyumba vya chini vyenye dari ya tao, basi jina la jengo likahamia kwenye tendo. Hii ya M haina uhusiano wowote na hayo. Imetoka kwenye "formica", na "formica" kwa Kilatini ni chungu. Naongelea mdudu hapa, siyo chungu cha kupikia wala ladha ya mwarobaini. Kiswahili nacho kina vituko vyake.

Maana yake sasa: ni ile hali ya kuhisi wadudu wadogo wanakutambaa juu ya ngozi, au chini ya ngozi, wakati hakuna mdudu hata mmoja. Unavua shati, unakung'uta, unawasha taa, unaangalia. Hamna kitu. Unalala, wanarudi.

Wengi mnaijua kwa sura yake ndogo. Umekalia mguu nusu saa, unainuka, mguu "umekufa ganzi", halafu zinaanza zile chokochoko kama mguu mzima umejaa sisimizi wenye haraka. Waingereza wa kawaida wakipatwa na hilo wanaongelea pini na sindano. Neno la chungu wamewaachia madaktari, ndiyo maana hata Mwingereza wa mtaani ukimtajia anaweza kukukodolea macho.

Lakini angalia mataifa mengine. Mfaransa akikaa vibaya anasema ana chungu miguuni, na wasomaji wetu wa Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi waliosoma Kifaransa wanalijua hilo vizuri. Mhispania anaita "hormigueo", kutoka "hormiga", chungu. Mreno, na ndugu zetu wa Msumbiji waliosoma kwa Kireno, "formigamento". Mjerumani "Ameisenlaufen", yaani mwendo wa chungu. Mwarabu naye anasema "tanmil", na ukilichambua unakuta ndani yake "naml", ile ile ya Surat an-Naml, sura ya 27 ya Qur'ani, ambamo chungu anawaonya wenzake waingie kwenye makazi yao wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Suleiman. Kwa hiyo shemeji yako aliyeko Muscat akienda kwa daktari kulalamika kwamba mkono una tanmil, amemtaja chungu bila kufikiria.

Na sisi? Sisi tunasema ganzi, tunasema mnyeo, tunasema mwili unanisisimka. Hebu sema kwa sauti: sisimka, sisimizi. Kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa undugu, maneno yanaweza kufanana kama watu wawili wasiojuana kwenye daladala. Ila sikio langu linafurahi kila nikiyaweka pamoja.

Wazo lenyewe ni la kale kweli kweli. Plinio Mzee, yule Mrumi aliyefariki mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, tayari alikuwa analitumia neno hili la Kilatini kwa mwasho wa ngozi. Galeni, tabibu wa Kigiriki wa karne ya 2, alikuwa na aina ya mapigo ya mshipa aliyoyafananisha na mwendo wa chungu: mapigo dhaifu, madogo, ya haraka haraka. Hiyo ilikuwa dalili mbaya sana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akayaweka mapigo hayo hayo kwenye kitabu chake cha Kanuni ya Tiba akiyaita "namli". Fikiria daktari ameshika kifundo cha mkono wa mgonjwa, amefumba macho, anasikiliza kama chungu anapita...

Sasa inakuwaje mwili udanganye namna hii? Ngozi haijui chungu ni nini. Ngozi ina ncha za mishipa ya fahamu ambazo kazi yake ni kupeleka taarifa: hapa pameguswa, hapa pana joto, hapa panawasha. Ubongo ndio unaotafsiri. Chungu wa kweli akipita mkononi anagusa vidoadoa, kimoja baada ya kingine, vyepesi vyepesi. Basi mishipa ikiharibika, au ikibanwa halafu ikaachiwa, inaanza kupiga taarifa ovyo, kidoa hapa, kidoa pale. Ubongo unapokea, unatafuta kwenye kumbukumbu zake kitu kinachofanana na hiki, unakuja na jibu: wadudu. Yaani mtu anayekwambia anatambaliwa hasemi uongo. Taarifa imefika kweli. Aliyeituma ndiye mwenye hitilafu.

Na hapa ndipo neno hili linaacha kuwa la kuchekesha.

Mama yangu mdogo, muuza vitenge, alinipigia simu usiku mmoja. Nikamwamkia, akaitikia, halafu akaniuliza moja kwa moja: "Mwanangu, nyie mnaokaa kwenye mtandao, hamjaona dawa ya kuua wadudu wasioonekana?" Nikamuuliza wadudu gani mama. "Sisimizi. Wananitambaa nyayo zote mbili. Usiku ndiyo hasa. Nikiwasha taa siwaoni." Alikuwa ameshaanika godoro, ameshafua chandarua, ameshapuliza dawa chini ya kitanda mpaka wajukuu wakakohoa. Jirani mmoja akamwambia katupiwa kitu. Mganga akatajwa, na jogoo akatajwa, na rangi ya jogoo.

Kilichomwokoa ni macho. Yalikuwa yanaona ukungu, akaenda zahanati kutafuta miwani. Nesi akamuuliza maswali mawili matatu (unakunywa maji sana? unaamka mara ngapi usiku kukojoa?), akamtoboa kidole. Sukari milimoli 19 kwa lita. Kwa mtu mwenye dalili, ikifika 11.1 tu tayari inahesabiwa kisukari. Baadaye hospitalini wakamgusa nyayo kwa kiuzi chembamba cha plastiki huku amefumba macho, aseme lini anakisikia. Sehemu nyingine hakusikia kabisa.

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu kuliko yote, inayokwenda mpaka vidoleni mwa miguu. Ndiyo maana chungu huanza nyayoni, miguu yote miwili, halafu wanapanda polepole kama mtu anavaa soksi. Na jambo ambalo ningependa ulikumbuke hata ukisahau Kilatini chote: chungu wakiacha kutembea, siyo lazima umepona. Inawezekana mshipa umekufa. Mtu anafurahi, "sasa nalala vizuri", kumbe mguu umenyamaza. Akikanyaga msumari hasikii. Kidonda kinaoza ndani ya kiatu, anakuja kushtuka kwa harufu, na mazungumzo hospitalini yanakuwa ya kukata.

Mama mdogo alipoelezwa kwamba wadudu wake ni sukari, alicheka. "Kwa hiyo sisimizi wamefuata sukari?" Ni utani, lakini umepita karibu na historia. Matabibu wa kale wa India waliuita ugonjwa huu mkojo wa asali, na walikuwa wameshaona kwamba chungu wa kweli, wenye miguu sita, hukusanyika kwenye mkojo wa mgonjwa. Hata leo kuna wazee watakwambia waliona chungu chooni kabla ya kwenda kupima. Usikitegemee hicho kama kipimo lakini, mkojo unaweza usiwe na sukari na bado una kisukari. Kipimo ni kile cha kidole.

Kisukari siyo peke yake. Anayetumia dawa za kifua kikuu anaweza kuanza kuhisi hivyo miguuni, kwa sababu dawa moja iitwayo isoniazidi inaingilia vitamini B6 mwilini. Dawa ya hilo ni vidonge vya B6, vinaitwa piridoksini, ni vidogo na vya bei ndogo. Usiache dawa za TB! Mwambie nesi. Na wale waliotumia dawa za kupunguza makali ya VVU miaka ya 2000 wanaikumbuka stavudini, iliyookoa maisha ya watu wengi huku ikiwaachia nyayo zenye moto na chungu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziachane nayo taratibu, na kweli ikaondolewa. Kuna waliobaki na ganzi hiyo mpaka leo. Upungufu wa vitamini B12 unaweza kufanya hivyo hivyo, na baadhi ya kinamama wanaokoma hedhi huhisi pia.

Halafu kuna upande wa vijiweni.

Mwaka 1889 daktari wa Kifaransa Valentin Magnan alieleza habari za watumiaji wa kokeini waliosadiki kuna wadudu chini ya ngozi zao. Wengine wanajikwangua mpaka damu, wengine wanachukua sindano kumtoa huyo mdudu. Dawa zile za kuchangamsha, kokeini na wenzake kama methi, ndizo maarufu zaidi kwa hili. Kwa walevi mambo hugeuka: chungu huja wanapoacha. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, akikata ghafla, siku ya pili au ya tatu anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuona wadudu ukutani na kuwahisi mwilini. Huyo siyo wa kuchekwa wala wa kufungiwa chumbani "zimtoke". Hali hiyo inaua, apelekwe hospitali. Na mwenye arosto ya unga naye ngozi humsisimka, vinyweleo vinasimama kama kuku aliyenyonyolewa. Kwa huyo, tangu 2011 kuna kliniki ya methadoni pale Muhimbili, na nyingine zimefunguliwa baadaye. Naandika hili kwa sababu najua nani wanasoma hapa saa nane za usiku.

Kuna kundi jingine ambalo halijavuta wala kunywa kitu. Mwaka 1938 daktari wa Sweden, Karl-Axel Ekbom, aliandika kuhusu watu, wengi wao wa makamo na wazee, walioamini bila shaka yoyote kwamba miili yao imevamiwa na wadudu. Unawapima, hakuna. Unawaambia hakuna, wanahamia kwa daktari mwingine. Madaktari wana jina la dalili moja hapa, wanaiita alama ya kiberiti: mgonjwa anakuja na ushahidi ndani ya boksi la kiberiti. Anafungua kwa uangalifu. Ndani mna kipande cha uzi, ukoko wa kidonda, vumbi, labda mbu wa kawaida.

Mimi hiyo picha ya kiberiti inaniuma. Mtu amekusanya ushahidi usiku kucha, amevaa nguo nzuri, amepanga foleni tangu alfajiri, anafungua kiberiti chake na anayeangalia anacheka. Daktari mwenye akili haanzi kwa kubisha. Kwanza anapima kweli, maana upele wa kawaida unasababishwa na wadudu wa kweli wanaochimba ngozi, hawaonekani kwa urahisi, na wanawasha zaidi usiku. Ukimwambia mwenye upele kwamba ni mawazo yake, wewe ndiye umekosea. Akishahakikisha hakuna mdudu, hakuna kisukari, hakuna dawa za kulevya, ndipo inakuja tiba ya akili, na zipo dawa zinazosaidia. (Ekbom huyo huyo, mwaka 1945, ndiye aliyeeleza vizuri ule ugonjwa wa miguu isiyotulia kitandani. Jamaa alikuwa na bahati ya kukutana na watu wasiolala!)

Na nyie wanafunzi, mnacho cha kwenu. Mwaka 1960 daktari Raymond Prince aliandika kuhusu wanafunzi wa Nigeria ambao kila wakikaza kusoma kwa ajili ya mtihani walihisi kichwa kinaungua au kuna vitu vinatambaa ndani, macho hayaoni vizuri na maneno hayashikiki. Watafiti wamebishana miaka mingi kama huo ni ugonjwa unaojitegemea au ni wasiwasi na msongo tu uliovaa nguo za Kiafrika. Mimi nauona wa pili una nguvu. Lakini aliyewahi kukaa na mitihani ya kidato cha sita mbele yake, ada imelipwa kwa kuuza ng'ombe, hatashangaa kichwa kikitambaa.

Kabla sijamaliza, huyu chungu wa Kilatini ameacha alama nyingine ambayo tunaishi nayo bila kujua. Chungu wengi wakiuma au wakijihami wanatoa maji makali. Mwaka 1671 Mwingereza John Ray alichapisha habari za maji hayo, yaliyopatikana kwa kuwachemsha chungu na kukusanya mvuke wao, kama mtu anapika gongo ya wadudu. Baadaye, mwaka 1749, Mjerumani Andreas Marggraf akaitoa ikiwa safi zaidi kwa njia hiyo hiyo. Ikaitwa asidi ya fomiki, asidi ya chungu. Kutoka jina hilo ikaja fomaldehidi, na kutoka hapo fomalini, ile ya mochwari inayokutoa machozi ukiingia kumtambua ndugu. Hata klorofomu ina hilo "fomu" la chungu. Ila ile fomeka iliyobandikwa juu ya meza, labda hata hapo unapoweka kiwiko, usidanganyike. Inaitwa Formica, herufi kwa herufi chungu mtupu, lakini haihusiani naye. Wamarekani wawili, Herbert Faber na Daniel O'Conor, walitafuta kitu cha kutumika badala ya maika, madini ya kuzuia umeme, na kwa Kiingereza "badala ya maika" ikawa jina la kampuni, mwaka 1913.

Asidi ya chungu yenyewe ina habari nzito kuliko meza. Pombe ya kawaida ni ethanoli. Kuna ndugu yake anaitwa methanoli, spiriti ya viwandani, nafuu, haina tofauti kubwa ya harufu wala rangi, na kuna wauzaji wanaoichanganya kwenye gongo au chang'aa ili ikate haraka. Methanoli ikiingia mwilini, ini linaigeuza fomaldehidi, kisha fomaldehidi inageuka asidi ya fomiki. Yaani ini la mlevi linatengeneza maji yale yale ya chungu, ndani kwa ndani, na yanashambulia mshipa wa jicho kwanza. Novemba 2000, Mukuru kwa Njenga pale Nairobi, pombe ya namna hiyo iliua watu zaidi ya 100, na wengine wakabaki vipofu. Mei 2014 Kenya ikapigwa tena, kaunti kadhaa kwa mpigo, wakafa makumi.

Ubaya wake ni kwamba inachelewa. Mtu anakunywa usiku, analewa kama kawaida, analala, anaamka anadhani ni uchovu wa pombe. Saa 12 mpaka 24 baadaye ndipo tumbo linauma, pumzi inakuwa ya haraka, na macho yanaanza kuona weupe weupe kama ukungu mzito. Muda huo bado kuna dawa: hospitali wanaweza kumpa fomepizoli, au hata ethanoli safi kwa kipimo, ili ini lishughulike na hiyo na kuacha kutengeneza asidi, huku wakimsafisha damu kwa mashine kama ipo. Kwa hiyo mshikaji wako akiamka kesho yake akasema "mbona kumejaa ukungu humu ndani", usimwambie alale tena. Mbebe, na ukumbuke kuwaambia mlikunywa nini na mliinunua wapi, maana wenzenu wengine waliokunywa dumu lile lile bado wamelala.